Vita vya Themanini, au Jinsi Bibi Kimya Alivyonusurika

Habari hii nilipewa na mdogo wangu wa kike Jumatano iliyopita, kwenye benchi la zahanati, tukisubiri kupimwa presha. Yeye aliyaona yote kwa macho yake, kwa kuwa alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, tangu vita vilipoanza hadi vilipokwisha. Naiandika kama nilivyoipokea, isipokuwa mahali alipopunguza sifa; hapo nimeongeza.

Basi sogeeni, enyi wenye magari na enyi wenye miguu, enyi mliofunika madirisha yenu kwa mapazia na enyi mliofunika kwa magazeti. Epueni sufuria, zimeni redio, na anayepiga hodi mwacheni apige mara ya pili. Jambo ninalolisimulia ni kubwa: lilifanya watu wazima watatu na dalali mmoja wakodolee macho namba ndogo ya kijani kama jeshi linavyokodolea lango la mji. Nawaeleza jinsi Fundi Mapazia, mkwe wa mdogo wangu, mshinda madirisha, bwana wa ngazi ya hatua tano, asiyetoka nyumbani bila futi ya kupimia kiunoni, alivyopigania uhai wa gari lake kuukuu la umeme, na jinsi neno moja tu lilivyokaribia kulimaliza.

Gari lenyewe lilikuwa na jina, nalo ni Bibi Kimya. Lilipewa jina hilo siku lilipoingia uani kwa mara ya kwanza, kwa kuwa paka aliyekuwa amelala njiani hakujua kumekuja mgeni mpaka tairi lilipomgusa sharubu. Bibi Kimya hakunguruma, hakukohoa, hakutoa moshi. Zamani alikuwa wa rangi ya bluu. Sasa, baada ya jua la miaka mingi, alikuwa na rangi ambayo wenye kazi ya vitambaa huiita bluu iliyofuliwa. Ubavuni alikuwa na kovu, nalo likiitwa Kovu la Nguzo, alilolipata siku Fundi aliporudi nyuma huku akimsifia mteja mapazia yake. Kioo cha nyuma cha kushoto hakikushuka mpaka mmoja abonyeze kitufe na mwingine akisukume kwa kiganja, kazi ya watu wawili wanaoelewana. Kwenye dashibodi kulikuwa na mto mdogo wa pini, na kiti cha nyuma kilikuwa kimeshika umbo la mdogo wangu kiasi kwamba mtu mwingine akikikalia hujihisi amevaa nguo za watu.

Mke wa Fundi ni Mshonaji, binti wa mdogo wangu, mwenye jicho linaloona uzi uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye hushona, mume hutundika; yeye haendeshi, mume ndiye dereva. Lakini kazi ya kulichaji gari, kuchomeka waya jioni na kuuchomoa alfajiri, ilikuwa ya Mshonaji, naye hakuigawa na mtu. Walifanya kazi hivyo miaka sita na Bibi Kimya katikati yao, mabomba ya mapazia yakiwa yamefungwa kwenye keria ya juu kama mikuki.

Ila mwili ni mwili, hata ukiwa wa bati. Ikafika siku Bibi Kimya akawa na aibu mbili. Aibu ya kwanza aliijua Fundi peke yake, naye akaificha kama mtu anavyoficha ugonjwa wa mamaye: gari lilikuwa halijai. Kila asubuhi akiingia na kuwasha, namba ya chaji ilisoma themanini. Si tisini, si mia. Fundi alimeza mate, akafunika namba ile kwa kitambaa cha kufutia vumbi, asiseme neno. Aibu ya pili aliijua Mshonaji peke yake: gari lilikuwa halina mbio. Barabara ikinyooka namna gani, malori yaliwapita, mabasi yaliwapita, na siku moja aliwapita mzee aliyebeba godoro kwenye pikipiki, akawapungia mkono. Mshonaji alitazama nje dirishani, naye asiseme neno.

Aibu ya tatu waliijua watu wote, maana ilitokea hadharani. Miaka miwili nyuma walikwenda kutundika mapazia ng'ambo ya kilima, na wakati wa kurudi, paa la nyumba yao likiwa karibu kuonekana, Bibi Kimya aliishiwa chaji katikati ya soko, mbele ya duka la vyombo. Hakuja wa kuwavuta ila lori la taka. Wakapita sokoni kwa mwendo wa maziko, nyuma ya maganda na mifuko iliyooza, Mshonaji amejifunika uso kwa sampuli ya kitambaa, na mdogo wangu kiti cha nyuma akiwaitikia watu salamu kwa adabu, kwa kuwa, alivyoniambia, wao walisalimu, sasa afanyeje.

Tangu siku ile Mshonaji aliapa kwamba gari hilo halitamvusha kilima tena. Na kilima kilikuwa na kazi zake. Kazi mbili zikaja, wakazikataa. Kisha ikaja ya tatu, nayo haikuwa ya kukataa: matroni wa chuo cha wauguzi, kule kule ng'ambo, alitaka mapazia ya bweni zima, madirisha tisini na sita, na alitaka jibu kabla ya Jumamosi jioni, la sivyo angempa fundi mwingine.

Ndipo Mshonaji aliposimama katikati ya karakana yao, mkasi mkononi, akanena maneno ambayo mdogo wangu ameyahifadhi yote.

"Mume wangu," alisema, "mimi nalipenda gari hili kama unavyolipenda wewe. Nimelia ndani yake, nimecheka ndani yake, nimepinda mapazia ya watu ndani yake tukiwa tunachelewa. Lakini madirisha tisini na sita hayatundikwi kwa mapenzi. Mimi sivutwi tena na lori la taka. Jumamosi asubuhi dalali anakuja na gari jipya. Tutalijaribu, tutaamua, na tukiamua hatutarudi nyuma."

"Na hili?" aliuliza Fundi.

"Atalichukua yeye. Tutaongezea kidogo juu."

"Alipeleke wapi?"

Mshonaji alikata kitambaa ambacho hakikuhitaji kukatwa. "Analivunja," alisema. "Milango kwa huyu, viti kwa yule. Betri kuna mtu anaitaka ya kuwashia taa kwenye banda la kuku."

Fundi Mapazia alitoka kwenda uani, akamfuta Bibi Kimya vumbi upande ambao alikuwa ameshaufuta.

Jumamosi ikafika, na saa mbili asubuhi akaingia Dalali. Mtu huyu alimwita kila mtu shemeji, ingawa hakuoa katika ukoo wowote unaojulikana. Alikuja akiendesha gari jipya, nalo la umeme, jeupe kama meno ya kununua, lenye vioo vya giza na taa zilizokonyeza zenyewe.

"Shemeji," alimwambia Fundi, akimpa ufunguo uliofanana na kijiwe cha mtoni, "ingia uone dunia ilikofika. Mama, karibu nyuma. Shemeji yangu mshonaji, mbele."

Wakaingia. Mdogo wangu akaketi, akaweka mkoba wake kiti cha pembeni, na hapo hapo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka darini: tafadhali funga mkanda.

"Nimefunga, mwanangu," alisema mdogo wangu.

Tafadhali funga mkanda, ilirudia sauti.

"Nimefunga, nakwambia. Njoo ushike mwenyewe."

"Mama, si wewe," alisema Dalali. "Ni mkoba. Gari linadhani ni mtu."

"Basi lina macho mabaya kuliko mimi," alisema mdogo wangu, akaurudisha mkoba mapajani.

Wakazunguka mtaa. Gari jipya liliwaonya juu ya mbwa, juu ya ukingo wa barabara, juu ya mlango ambao ulikuwa umefungwa vizuri. Lilimsalimu Fundi. Lilimuuliza kama amechoka, na walikuwa wametoka nyumbani dakika nne tu zilizopita. Lakini lazima niseme kweli, maana habari isiyo na kweli ni kelele: gari lilikuwa zuri. Lilipaa barabarani kama kanga wa porini, kioo chake cha nyuma kilishuka kwa kidole kimoja, na namba ya chaji ilisoma mia. Mshonaji aliitazama ile mia, mdogo wangu anasema, kama mtu anavyotazama maji siku ya mfungo.

Walirudi uani. Dalali akatandaza karatasi zake juu ya boneti ya Bibi Kimya, akatoa kalamu mbili, akaanza kumsema bibi wa watu mbele yake.

"Sasa shemeji zangu, tusidanganyane. Mimi magari haya nayajua. Hili likifika umri huu huwa na mambo mawili. Moja, halijai. Mbili, halina mbio. Nimekosea?"

Hapo Fundi alishtuka, akamtazama mkewe, na mkewe akashtuka, akamtazama yeye.

"Nani kakwambia halijai?" aliuliza Fundi kwa sauti ya chini.

"Nani kakwambia halina mbio?" aliuliza Mshonaji.

"Linakomea ngapi?" aliuliza Dalali, kalamu hewani.

Fundi alivuta pumzi, kama mtu anayeacha ngome. "Themanini," alisema. "Sikutaka mke wangu ajue. Nina miaka naficha. Linalala na waya jioni hadi alfajiri, na haliendi hatua moja mbele ya themanini."

Mshonaji alimtazama. Aliweka chini kalamu aliyokuwa ameshaishika.

"Haliendi kwa sababu nalichomoa," alisema.

"Unalichomoa?"

"Likifika themanini, nalichomoa. Kila siku ya Mungu. Naamka alfajiri, navaa kandambili, nakwenda kuangalia. Likiwa sabini na nane nakaa hapo kwenye ndoo nalingoja. Si tuliambiwa lisizidi themanini? Fundi wa umeme alisema, siku tunalichukua kwake. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa imeanza kubadilika. "Alisema lisizidi themanini. Mwendo."

"Mwendo gani?"

"Mwendo wa barabarani. Lisikimbie zaidi ya themanini. Kwani wewe unadhani nimependa kupitwa na mzee wa godoro?"

Hata lile gari jipya, lililokuwa na la kusema juu ya kila kitu, halikusema kitu. Miaka sita, enyi wasikilizaji, mume alilizuia gari lisikimbie na mke alilizuia lisishibe. Kila mmoja alitii neno lile lile, kila mmoja alidhani mwenzake anajua, na kila mmoja aliiona amri ya mwenzake akaiita uzee. Mume aliificha njaa, mke aliuficha unyonge, na Bibi Kimya, jina lake ni jina lake, hakumsema yeyote.

"Miaka sita nakaa kwenye ndoo," alisema Mshonaji, taratibu. "Na baridi ile."

"Miaka sita napigiwa honi," alisema Fundi.

"Sasa," alisema mdogo wangu kutoka kwenye kiti cha plastiki alichowekewa kando, "si mngeulizana?"

Dalali alikohoa. Aliona ushindi unamponyoka, akatupa mkuki wake. "Shemeji zangu, hata hivyo, mmoja wenu lazima ni sahihi. Kama ni mwendo, au kama ni chaji, gari bado ni bovu nusu. Mpigieni huyo fundi."

Wakampigia. Fundi Mapazia aliweka simu juu ya boneti, sauti juu, na wote wanne wakaiinamia. Yule fundi wa umeme alikuwa chini ya gari la mtu. Sauti yake ilitoka kama kisimani.

"Kaka," alisema Fundi Mapazia, "siku ile tunachukua gari, ulitwambia lisizidi themanini. Jenereta ya jirani yako ilikuwa inanguruma, tukasikia mwisho tu. Themanini nini?"

Spana ilianguka.

"Keria," alisema fundi wa umeme. "Mzigo wa juu, kwenye keria, usizidi kilo themanini. Paa litabonyea. Kwani nyie mlielewaje?"

Wote wakainua macho polepole, wakatazama paa la Bibi Kimya. Mdogo wangu ananiambia wenyeji wote watatu waliliona moyoni mwao lile kabati la mninga la mdogo wangu, la milango mitatu, lililosafirishwa juu ya keria ile mwaka alipohamia kwao, na yeye mwenyewe ndani, na vyombo vyake kwenye buti. Na kweli, ukiliangalia paa lile kwa upande, lina bonde.

"Tulielewa hivyo hivyo," alisema Fundi Mapazia.

"Na kulichaji?" Mshonaji alidakia. "Likijazwa mpaka mia linaharibika?"

"Siku za kazi za hapa hapa, themanini yatosha, na betri inakaa miaka. Siku ya safari, lijaze, dada yangu. Si mapambo yale."

"Na mwendo?"

"Mwendo fuata vibao vya barabara kama watu wengine," alisema, akakata simu, kwa kuwa alikuwa na gari la mtu kifuani.

Hapo Mshonaji aliziba kalamu ya Dalali kwa kifuniko chake, akamrudishia. "Subiri kwanza," alisema. "Tunalijaza. Tunapakia uzito wa kazi, mabomba, ngazi na mama. Tunakwenda mpaka lango la chuo, tunarudi. Likifika hapa kwa miguu yake, tutazungumza. Likizimika njiani, nasaini hapo hapo barabarani, juu ya boneti, na wewe unaondoka nalo."

"Nitafuata nyuma," alisema Dalali. "Na kamba ninayo."

Ndipo waya ulipochomekwa mchana kweupe, Fundi na Mshonaji wakiushika wote wawili kana kwamba mmoja asingeweza. Wakaketi ndani, mlango wazi, macho kwenye namba. Themanini. Dakika zikapita. Themanini. Dalali akasimama dirishani, mikono nyuma. Themanini, na themanini, na themanini tena, hadi Fundi akaanza kumwomba msamaha Bibi Kimya kwa kumshuku, na kumwomba msamaha mkewe kwa kutomshuku. Na tazameni: namba ikapepesa, kama jicho la mtu anayezinduka, ikasoma themanini na moja.

Hawakupiga kelele. Mshonaji alishika mkono wa mumewe tu, akauminya. Mdogo wangu anasema katika umri wake ameona harusi, ameona vitukuu, ameona maji ya bomba yakirudi baada ya wiki tatu. Lakini ukimya wa watu wawili mbele ya themanini na moja, huo alikuwa bado hajauona.

Saa sita na nusu mchana namba ikasoma mia. Wakafunga mkanda. Hakuna sauti iliyowakumbusha.

Sasa nieleze safari ile ya kilima, ambayo wengine huiita kwenda na kurudi, lakini mimi siiti hivyo. Mbele Bibi Kimya, mabomba juu, yamepimwa kwanza kwenye mizani ya muuza nafaka, maana sasa waliogopa. Nyuma Dalali katika gari lake jeupe, kamba kiti cha mbele, na gari likimwambia aifunge mkanda. Walipita duka la vyombo. Mwenye duka alitoka mlangoni akawatazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili. Wakaanza kupanda. Tisini. Themanini na tano. Kila kona ya kilima ilidai ushuru wake. Sabini na mbili. Fundi alizima feni, akazima redio. Mshonaji alitoa ule mto wa pini kwenye dashibodi akaupakata, kana kwamba hilo nalo litapunguza uzito. Mdogo wangu, asiye na cha kuzima, alijizuia kuongea, na hilo, kwa anayemjua, si jambo dogo.

Kileleni ilisoma sitini na mbili. Wakashuka upande wa pili, na kwenye mteremko Bibi Kimya, kwa hekima ya magari ya jamii yake, akaokota chaji njiani kama mwanamke anayeokota kuni, ikawa sitini na tatu. Mbele ya lango la chuo wakageuza bila kushuka. Mlinzi akawapigia saluti, hajui kwa nini.

Kurudi ndiko kulikokuwa vita. Upande ule mlima ni mkali zaidi. Hamsini. Arobaini na tatu. Thelathini na nane. Fundi aliushika usukani kama anashika ngazi inayoyumba. Mshonaji hakutazama namba tena. Alitazama uso wa mumewe, na alipoona jasho linamtoka juu ya mdomo, alimfuta kwa sampuli ya kitambaa, ile ile ya gharama ambayo haiguswi.

"Likizimika," alisema, "mimi nitasaini. Nilisema."

"Najua," alisema Fundi. "Sitakuzuia."

"Lakini sitaki."

"Hilo sikulijua."

"Mtu anayekaa kwenye ndoo miaka sita," alisema Mshonaji, "wewe ulidhani anakaa kwa ajili ya nini?"

Mdogo wangu alitazama nje dirishani kwa heshima, lakini masikio aliyaacha ndani.

Wakavuka kilele kwa thelathini na moja. Wakateremka, wakafika barabara iliyonyooka, ndefu, tupu, yenye kibao cheupe kinachoruhusu mia. Namba ilisoma ishirini na tisa, na nyumbani kulikuwa karibu. Fundi Mapazia akatazama kibao, akatazama mguu wake. Akakanyaga. Sindano ya mwendo ikapanda sabini na tano, sabini na nane, ikafika themanini, ikatua pale kwa mazoea, kama ng'ombe anayesimama mlango wa zizi lake.

"Unafanya nini?" aliuliza Mshonaji.

"Napima."

"Ongeza, mkwe wangu," alisema mdogo wangu kutoka nyuma. "Mimi nimeshaishi."

Akaongeza. Themanini na tano. Tisini. Kovu la Nguzo likapiga filimbi kwa upepo, mabomba juu yakaimba, na gari jeupe la Dalali likabaki nyuma kidogo, si kwa kukosa nguvu, bali kwa kuwa lilikuwa linamuuliza Dalali kama amechoka. Mbele yao alitokea mzee wa pikipiki, safari hii amebeba kitanda. Wakampita. Mshonaji alikishusha kioo, akampungia mkono, bila chuki.

Dakika chache tu, kisha Fundi akapunguza. Wakapita soko kwa mwendo wa watu wenye adabu. Wakaingia uani kwa miguu ya Bibi Kimya mwenyewe, saa tisa kasoro dakika kumi, asilimia kumi na moja.

Hakuna aliyeshuka. Dalali ndiye aliyekuja dirishani, kamba begani.

"Nawapongeza, shemeji," alisema, na kwa haki yake alisema vizuri. "Lakini betri haigeuki kijana. Leo kumi na moja. Mwakani je?"

Fundi alimtazama mkewe. Mpaka hapo, enyi wasikilizaji, jambo lilikuwa halijaamuliwa, na Dalali alikuwa amesema kweli, na wote walijua amesema kweli.

"Mwakani tutaamua mwakani," alisema Mshonaji. "Siku litakaporudi na tano, tutakuita, na utakuja na hilo linaloongea, na sitabishana. Ila leo limerudi." Akamgeukia mumewe. "Mpigie matroni. Mwambie Jumatatu tunakuja kupima madirisha. Usiku wa kuamkia Jumatatu sichomoi."

Na hivyo ndivyo lilivyokatwa shauri kubwa. Na iandikwe kwamba siku hiyo gari moja kuukuu halikuvunjwa, kwamba banda fulani la kuku liliendelea kukaa gizani, na kwamba madirisha tisini na sita yalipata wenyewe. Dalali alikunja karatasi zake, akasimama kidogo akikuna kidevu, kisha akauliza kama Jumanne wanaweza kupita kwake, maana madirisha ya sebule yake yana magazeti tangu ahamie. Fundi alichomoa futi kiunoni akamuuliza upana. Hakuujua. Wakaagana hivyo, bila mshindwa wa kulia.

Mdogo wangu akaingia ndani, akaketi kwenye kochi ili avue viatu, akavua kimoja. Cha pili alivuliwa na binti yake, kwa kuwa yeye alikuwa ameshalala. Mshonaji akajilaza kwenye lundo la vitambaa vya bitana, akasema anapumzisha mgongo tu, na mgongo ukamwitikia. Uani jua lilikuwa bado kali. Fundi Mapazia akachomeka waya peke yake, akazunguka gari mara moja, akapitisha kiganja kwenye bonde la paa. Akaingia, akalaza kiti cha dereva nyuma kidogo, ili aiangalie namba inavyopanda. Aliiona kumi na mbili. Aliiona kumi na tatu. Kumi na nne ilifika bila yeye kuiona.